Kuweka Raspberry Pi ndani ya ganda la Commodore 64 bila kukata plastiki

Wengi huianza kazi hii kinyume. Hununua ubao wa kompyuta ndogo, yaani Raspberry Pi, kwanza, kisha ndipo wanakumbuka kwamba kibodi ya Commodore 64 (C64), kompyuta ya nyumbani iliyotoka mwaka 1982, haina waya wa USB. Ubao ndio sehemu rahisi: skrubu nne, umemaliza. Muda wako utaliwa na kibodi, kwa hiyo na mimi nitakaa zaidi hapo.

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha mashine uliyonayo imekufa kweli. Kama bado inawaka, iache na utafute ganda tupu. Chipu halisi ya sauti ya SID haitengenezwi tena, na ubao mzima wenye uhai una watu wanaoutafuta.

Utahitaji Raspberry Pi 4, ubao mdogo wa Pro Micro wenye chipu ya ATmega32U4 (utakaoigeuza kibodi ya zamani kuwa ya USB), safu ya pini 20 zilizoachana milimita 2.54, chuma cha kulehemu, maltimita, rezista moja ya omu 330, waya mwembamba, na nyaya fupi za kurefusha USB na HDMI.

Hatua ya 1: Kufungua

Pindua mashine. Skrubu tatu ziko kwenye ukingo wa mbele, upande wa chini. Ukizitoa, irudishe wima na uinue ganda la juu kuanzia mbele, taratibu, kama unayefungua sanduku. Nyuma limeshikwa na vijino vya plastiki, na plastiki yenye umri huu hukatika bila kukuonya. Kuna nyaya mbili zinazounganisha juu na chini: ya kibodi na ya taa. Zichomoe kwa kushika plagi, usivute waya.

Mashine nyingi zina karatasi ngumu yenye upande unaong'aa iliyofunika ubao. Huo mng'ao ni metali na unapitisha umeme. Itoe yote. Ikibaki hata kipande kikigusa Pi, utapata shoti. Kisha toa ubao wa zamani, uweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na uutunze.

Hatua ya 2: Kibodi

Plagi ya kibodi ina nafasi 20. Nafasi ya 2 imezibwa makusudi ili isichomekwe kinyume, kwa hiyo kata pini ya 2 kwenye safu yako. Pini ya 1 ni graundi, ya 3 ni kitufe cha RESTORE, na ya 4 haina kazi kwetu. Zilizobaki, 5 hadi 12 na 13 hadi 20, ni makundi mawili ya nyaya nane nane. Kila kitufe kingine kinaunganisha waya mmoja wa kundi hili na mmoja wa kundi lile. Nane mara nane ni makutano 64.

Pro Micro ina pini 18 za kutumia, kwa hiyo nyaya zote 16 zinaenea. Lehemu kila mmoja kwenye pini yake, uandike mahali ni waya upi umekwenda wapi. Kisha weka maltimita kwenye mlio, bonyeza kitufe kimoja kimoja, na ujaze jedwali lako. Michoro ipo ya kutosha, lakini jedwali ulilopima mwenyewe litakuonyesha pia vitufe vilivyokufa. Kisichopitisha umeme mara nyingi kinahitaji kusafishwa kwa spiriti tu. Ukilazimika kuifungua kibodi, kumbuka kwamba SHIFT LOCK imelehemiwa kwenye ubao wake. Toa lehemu ya nyaya zake mbili kwanza.

Programu utakayoiweka kwenye Pro Micro inashusha waya mmoja wa kundi la kwanza hadi sifuri, inasoma nyaya nane za kundi la pili, kisha inahamia waya unaofuata. Jambo moja ambalo mifano mingi hulikosea: nyaya saba za kundi la kwanza zisizoshushwa kwa wakati huo ziache kama ingizo, usizipandishe hadi volti 5. Vinginevyo mtu akibonyeza vitufe viwili vya mstari mmoja, pini mbili zinapigana ndani ya chipu.

Kibodi hii haina dayodi, vile vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ukishika vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili, cha nne kitaonekana kimebonyezwa ingawa hakuna aliyekigusa. Iambie programu ipuuze kitufe kipya kila inapoona nyaya mbili za kundi moja zina makutano mawili yanayolingana.

Halafu kuna suala la alama. Kwenye C64, SHIFT na 7 hutoa ', ilhali kibodi ya Kimarekani ya leo hutoa hiyo bila SHIFT. Nyota ina kitufe chake, lakini leo ni SHIFT na 8. Kwa hiyo kuna mahali programu inabidi iiachie SHIFT kwa siri, na kwingine iiongeze. Vitufe vya kusogeza kishale ni viwili tu. SHIFT ndiyo hugeuza upande. Mimi hukifanya kitufe chenye alama ya mshale wa kushoto, kile cha pembeni kabisa juu, kuwa Esc, na RUN/STOP kuwa Tab.

Tengeneza hali mbili: moja ya kuandika kawaida, nyingine inayotuma vitufe kwa mahali vilipo, kwa ajili ya kiigizi kama VICE, yaani programu inayoiga C64. Kuchagua, shika kitufe chenye nembo ya Commodore wakati wa kuwasha. Usitumie SHIFT LOCK kwa kazi hiyo, maana kiumeme ni ile ile SHIFT ya kushoto.

Hatua ya 3: Bamba la kubebea

Chukua akriliki, ikate kwa umbo la ubao wa zamani, toboa matundu yanayolingana na nguzo za ganda, kisha funga Pi juu yake kwa skrubu za M2.5. Matundu ya Pi yameachana milimita 58 kwa 49. Iweke nyuma, kwa sababu mbele kibodi inashuka chini sana. Nyaya za HDMI na USB zipitishe kwenye uwazi wa katriji. Ganda lenyewe halitobolewi popote.

Hatua ya 4: Umeme

Adapta ya zamani isikaribie Pi. Mbali na kutoa volti 9 za AC kwenye pini zake nyingine, inajulikana kwa kupandisha ile laini ya volti 5 inapozeeka. Tumia adapta ya USB-C ya volti 5, ampea 3, na waya mnene. Waya mwembamba wa kurefusha hushusha volti. Amri ya `vcgencmd get_throttled` ikirudisha 0x0, uko salama.

RESTORE ina nyaya zake peke yake, basi iunganishe na pini ya 5 (kwa hesabu ya pini za ubao, yaani GPIO3) na graundi ya Pi. Kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi, andika:

`dtoverlay=gpio-shutdown,debounce=1000`

Ukiishika kwa sekunde moja, mashine inazima kwa utaratibu. Ukiigusa ikiwa imezimwa, inaamka. Hiyo sekunde ni muhimu, kwani kitufe kiko juu tu ya RETURN.

Taa nyekundu ipitishe kwenye rezista hadi pini ya 8 (GPIO14), na uongeze `enable_uart=1`. Itawaka mashine ikiwa hai na kuzima ikishalala.

Hatua ya 5: Kufunga

Endesha programu nzito kwa nusu saa, kifuniko kikiwa kimefungwa, huku ukitazama `vcgencmd measure_temp`. Pi 4 huanza kujipunguza kasi ikifika nyuzi 80. Ikikaribia hapo, ongeza kipoza joto cha alumini kabla ya kufikiria feni. Unapofunga, ingiza vijino vya nyuma kwanza, hakikisha hakuna waya uliobanwa ukingoni, na kaza skrubu kwa vidole viwili. Zinang'ata plastiki tupu, na uzi ukishaliwa haurudi.