Mwanafunzi wa umeme akikwama kwenye swichi za njia mbili: namna ya kumkwamua

Karakana ya umeme wa majumbani haikosi mwanafunzi wa aina hii: anakata konduiti vizuri, boksi la swichi analikalisha sawa ukutani, lakini ukimpa mchoro wa sakiti anaganda. Baadhi ya walimu wakishaona hivyo wanasema huyu hana kichwa cha umeme, na kuanzia hapo kijana anaanza kukwepa vipindi. Mimi kauli hiyo siikubali. Mitaala ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ni ya umahiri: kinachoangaliwa ni kama anaweza kuifanya kazi, na asiyeiweza leo bado yuko njiani.

Hivi karibuni nimemaliza kumkwamua mmoja wa ngazi ya kwanza, na mwalimu mwenzangu akaniomba nimwandikie nilivyofanya. Naandika kwa walimu wa fani, na kwa mafundi wa mtaani wanaolea vijana kazini.

Hatua ya 1: Zungumza naye pembeni

Usimhoji mbele ya wenzake. Subiri karakana itulie, umuulize analala wapi, anafikaje chuoni, amekula nini. Kijana aliyetembea kutoka mbali bila hata chai hawezi kufuata mchoro saa nne asubuhi, na somo la ziada halitamsaidia. Tatizo likiwa hapo, lipeleke kwa mshauri wa wanafunzi siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Pima macho na rangi

Mpe swichi, mwambie akusomee herufi zilizochongwa nyuma yake. Ni ndogo mno, na karakana nyingi mwanga wake ni hafifu. Akiisogeza hadi puani, anahitaji miwani kabla ya kingine chochote.

Kisha mchanganyie vipande vya nyaya, avitenge kwa rangi: nyekundu, nyeusi na kijani za mfumo wa zamani, kahawia, buluu, na kijani yenye mstari wa njano za mfumo wa sasa. Wapo watu, wanaume hasa, ambao nyekundu na kijani haziwaachani machoni. Katika nyumba ya zamani, huko ni kuchanganya laivu (waya unaoleta umeme) na erthi (waya wa usalama unaokwenda ardhini). Kijana wa namna hiyo usimfukuze kwenye fani. Mzoeze kupima kila waya na kuuwekea alama. Wenye macho mazima nao wazoee hivyo hivyo, kwa sababu buluu ambayo leo ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), kwenye mfumo wa zamani wa fezi tatu ilikuwa fezi, yaani waya wenye umeme.

Hatua ya 3: Mwache afanye, wewe kaa kimya

Mpe mchoro wa taa moja inayowashwa kwa swichi mbili, ile ya ngazini au koridoni ambayo mafundi wanaiita tuwei. Afunge kwenye ubao usio na umeme kabisa. Wewe usiseme neno, na mikono yako iwe nyuma. Angalia mkono wake unasita wapi. Kwa niliowasaidia, kusita kunatokea palepale: nyaya tatu ziko mkononi, swichi ya kwanza imefunguliwa, na hajui upi unaingia wapi.

Hatua ya 4: Mfundishe kuitafuta COM

Hatua hii ndiyo inayonila saa nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitairefusha.

Swichi ya njia mbili ina temino tatu, yaani sehemu za kufungia waya: COM ya pamoja, na L1 na L2, ambazo COM inaungana na mojawapo kila swichi inapogeuzwa. Sakiti yenyewe ni fupi. Laivu inaingia COM ya swichi ya kwanza. Nyaya mbili za kati zinatoka L1 na L2 za swichi ya kwanza kwenda L1 na L2 za swichi ya pili. Kutoka COM ya swichi ya pili waya unakwenda kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja, haipiti kwenye swichi. Mwanafunzi atakukariria haya yote bila kukosea, halafu akishafunga unaona hivi: swichi ya chini (ile ya kwanza) ikiwa upande mmoja, ya juu (ile ya pili) inawasha na kuzima taa vizuri, ya chini ikigeuzwa, ya juu haifanyi lolote. Atakwambia swichi ni mbovu. Ataleta nyingine, na tatizo litabaki lilelile.

Ukiona dalili hiyo, fungua swichi ya chini kwanza. Mara nyingi utakuta laivu imeingia L1 au L2, na waya wa kati umekaa kwenye COM. Imekuwaje? Amekariri mahali. Swichi aliyojifunzia ilikuwa na COM peke yake upande wa juu. Ya leo ni ya kiwanda kingine na temino zimepangwa kivingine, au imeandikwa C, 1 na 2, au ameishika kichwa chini. Ukimwonyesha tu kwamba COM hii iko hapa, umempa kitu kingine cha kukariri, na siku ya mtihani akikuta swichi ya aina ya tatu atakwama tena.

Kwa hiyo chukua swichi isiyofungwa popote, uzibe herufi zake kwa tepu. Maltimita, kipimo cha umeme chenye ncha mbili, iwe kwenye mlio: inalia ncha zake zikiunganika. Kwanza agusishe ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Zisipolia, betri ya kipimo imekwisha au waya wa ncha umekatika, na atahangaika bure. Kisha ncha moja aishikilie kwenye temino moja, ya pili aguse temino nyingine, halafu iliyobaki. Ageuze swichi, arudie. Temino inayolia na mojawapo, na swichi ikigeuzwa inalia na ile nyingine, hiyo ndiyo COM. Zile mbili hazilii pamoja hata ageuze vipi. Aweke alama kwa kalamu, abandue tepu, asome mwenyewe. Rudieni kwa swichi za viwanda tofauti, kila moja uliyo nayo stoo, hata zilizotolewa kwenye ukarabati ilimradi ni nzima.

Tahadhari za zoezi hili:

Swichi iwe nje ya sakiti. Ikiwa bado imeunganishwa, mlio unaweza kupitia njia nyingine na kumdanganya.

Usimpe siku ya kwanza swichi yenye vibonyezo viwili kwenye bamba moja. Ina COM mbili, na mwanafunzi aliyekwama atazichanganya. Ile ya temino nne, inayokaa katikati ya swichi mbili kwenye ngazi ndefu, isubiri hadi hii ya kawaida imkae mkononi.

Testa ya bisibisi, ile yenye kitaa kwenye mpini, siiruhusu kabisa. Kile kitaa kinawaka kwa mkondo mdogo unaopita mwilini mwa anayeishika. Kinaweza kumemeta kwenye waya ambao haujaunganishwa na chochote kwa sababu tu umelala sambamba na waya wenye umeme, na hakikwambii kama nyutro imekatika. Kijana anayejifunzia kwa testa hiyo anajifunza kuamini kitaa. Maltimita ya bei nafuu kabisa yenye mlio inamfaa zaidi kwa hatua hii.

Akishaijua COM, afunge sakiti nzima, lakini kwa volti 12. Chukua betri ya pikipiki, taa ya indiketa ya wati 10, na fyuzi ya ampea 3 iliyofungwa karibu kabisa na ncha chanya. Fyuzi ni lazima: betri ikifungwa shoti inatoa mkondo mkubwa unaoweza kuchoma waya mwembamba. Ninaipenda njia hii kwa sababu ya hofu. Kuna vijana waliowahi kupigwa shoti nyumbani, na mbele ya volti 230 akili yao yote inakuwa kwenye kuogopa. Kwenye volti 12 wanapumua, na unaanza kuona wanachokijua.

Kabla ya kuunganisha betri, aifuate njia kwa kidole, kwanza kwenye mchoro na kisha kwenye ubao, huku akisema kwa sauti: laivu iko hapa, inaingia COM, inatoka L1. Afanye hivyo kwa hali zote nne za swichi mbili. Atagundua mwenyewe kwamba taa inawaka katika hali mbili na kuzimika katika mbili. Asipofika hapo kwa kidole, usiruhusu betri iguswe.

Hatua ya 5: Hesabu moja tu

Ampea ni wati gawanya kwa volti. Anzia kwenye indiketa aliyoiwasha: 10 gawanya kwa 12 ni kama ampea 0.83. Kisha birika lililoandikwa 2.3 kW. Wengi wanagawanya 2.3 kwa 230 na kupata 0.01. Usimkosoe, muulize, kama kitaa kile kinakula 0.83, birika la kuchemsha maji litakula 0.01? Atarudi mwenyewe kwenye 2,300, na kupata ampea 10.

Hatua ya 6: Mpe mwenzake

Asiwe yule anayeongoza darasa, maana anaruka hatua. Mpe aliyekwama palepale majuma machache nyuma, kwa sharti kwamba anaelekeza kwa mdomo tu. Akishika bisibisi, zoezi limekwisha.

Hatua ya 7: Volti 230

Sasa ubao wa kweli, breka imezimwa na kufungiwa, wewe ukiwa pembeni. Apime kwamba hakuna umeme, afunge, aifuate njia kwa kidole, ndipo uwashe wewe.

Siku inayofuata, ingiza hitilafu bila yeye kuona: hamisha laivu kutoka COM kwenda L1, au legeza nyutro ya taa. Mwite, ageuze swichi zote mbili mara kadhaa, akueleze kosa liko wapi kabla hajafungua chochote. Akilitaja sawasawa mara mbili kwa hitilafu tofauti, mhamishie kwenye ubao wa soketi pamoja na wenzake.