Lori la nitro haliwaki? Weka hiyo bisibisi chini kwanza

Wadau, karibu kila Jumapili jioni nikishusha lori langu la kuchezea la remoti, lile la injini ndogo ya nitro, kwenye mchanga huku Nyegezi, Mwanza, anatokea mtu na la kwake limegoma tangu wiki iliyopita, ukimuuliza umelifanyaje anakwambia "nilizungusha zungusha zile skrubu za kabureta". Sasa hapo ulikuwa na tatizo moja, umeyafanya mawili. Skrubu hazijizungushi zenyewe usiku, kama juzi liliwaka na leo haliwaki basi shida iko kwenye mafuta, plagi, au umelizamisha, yaani mafuta yamejaa ndani ya injini.

Tuanze na mafuta. Kuna dogo mmoja kwao wana mtumbwi wa injini, akachota petroli ya kule iliyochanganywa oili akajaza tanki, alivuta kamba mpaka kiganja kikatoa malengelenge. Aisee, hii injini haina cheche kama ya boti au bodaboda. Ndani ya plagi kuna kiwaya cha platini kimejikunja, ukishakipasha moto mara ya kwanza methanoli ndo inakifanya kiendelee kuwa chekundu, petroli haiwezi hiyo kazi. Mafuta yake ni methanoli, nitromethani (magari mengi asilimia 20 hivi, angalia kijitabu chako) na oili, tena oili nyingi kuliko ya boti kwa mbali, mara nyingi ina mafuta ya nyonyo ndani, ndo maana moshi wake unanukia vile. Kopo lifunge kabisa maana methanoli inanyonya unyevu wa hewani, na huku ziwani unyevu ndo kwao. Na usiyahamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, methanoli inapofusha na inaua, na ikishika moto mchana wa jua hata huoni kama inawaka.

Ya pili plagi. Ifungue, ichomeke kwenye kile kijiti cha betri cha kuwashia, iangalie kivulini. Kiwaya kiwake rangi ya chungwa kali chote mpaka chini. Kikiwaka nusu, kikiwa kimefifia au kimepinda, tupa. Na kama yote imekufa jaribu nyingine kabla hujailaumu, kijiti chenyewe kinaishiwa chaji sana. Mimi sitoki nyumbani bila plagi 2 za akiba.

Sasa kuwasha. Washa remoti kwanza ndo gari lifuate, usibadilishe, sevo (kile kimota kinachovuta kabureta na usukani) ikichanganyikiwa injini ikiwa inaunguruma utalifukuza hadi majini. Liinue tairi zisiguse chini. Ziba tundu la eksozi kwa kidole, vuta kamba mara 2 au 3 huku macho yako kwenye ule mpira wa mafuta, yakifika tu kwenye kabureta toa kidole. Weka kijiti kwenye plagi, vuta fupi fupi haraka haraka, kama sentimita 30 hivi, usiivute mpaka mwisho itakatikia ndani.

Kamba ikigoma ghafla, yaani ngumu kama imefungwa kwenye jiwe, ACHA. Hapo mafuta yamejaa juu ya pistoni na kimiminika hakibanwi, ukilazimisha unapindisha konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Toa plagi, geuza gari kichwa chini, funika tundu na kitambaa, vuta mara 5 au 6 mafuta yaruke yote. Mimi mara ya kwanza sikuweka kitambaa, yakaniingia jichoni, nikanawa jicho nusu saa huku watoto wananicheka. Ila kama injini ni mpya na inakwama pistoni ikifika juu, hiyo ni kawaida, zinatengenezwa zibane zikiwa baridi, ipashe kwa drayer ya nywele italegea.

Imewaka lakini ukitoa kijiti inazima? Plagi imechoka au sindano ya chini (skrubu ya mafuta ya mwendo mdogo) inapitisha mafuta mengi. Inawaka, silensa (mwendo wa injini bila kupiga resi) inapanda yenyewe inashuka yenyewe? Inaingiza hewa mahali, angalia mpira wa mafuta kama una ufa, mfuniko wa tanki, na oringi ya shingo ya kabureta. Tairi zinazunguka ikiwa kwenye silensa? Silensa iko juu au springi ya klachi imekatika.

Hayo yote yakishapita, haya sasa shika bisibisi. Anza na sindano ya resi ya juu (skrubu ya kabureta ya mafuta ya mwendo mkali), injini ikiwa imeshapata moto, kulia unabana mafuta, kushoto unafungulia, moja ya nane ya mzunguko tu halafu kimbiza uone. Iking'ang'ania na kutoa moshi mzito bila kasi, mafuta mengi, bana kidogo. Ikienda kali halafu inakata ukipiga resi ya mwisho na moshi hauonekani, fungulia HARAKA, oili inaingia pamoja na mafuta kwahiyo ukibana mafuta umebana na oili. Nilishaua injini moja hivyo nikifukuzia mlio mtamu. Kwa sindano ya chini, acha kwenye silensa, bana mpira wa mafuta kwa vidole uhesabu, ikizima baada ya sekunde 2 mpaka 4 iko sawa, ikizima papo hapo imebanwa mno, ikiendelea sana punguza mafuta.

Joto la kichwa cha injini liwe kama nyuzi 100 mpaka 120 za Selsiasi. Huna kipima joto? Dondoshea tone la maji, likichemka taratibu ni poa, likipotea tss mara moja inachemsha. Na kumbuka Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, kwahiyo gari lililosetiwa Dar likija huku linakuwa na mafuta mengi kidogo, halina madhara. Kinyume chake ndo balaa, ukishuka nalo Dar fungulia kwanza kabla hujapiga resi.

Filta ya hewa nayo, hasa ile siku wale wadudu wa ziwani wanapotanda kama moshi. Juzi nilifungua sponji yangu nikakuta wamejibandika uji mweusi mtupu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulaumu kabureta.

Ukimaliza kucheza usizime ukaondoka. Mwaga mafuta ya tanki, washa iyamalize yaliyobaki mpaka ife yenyewe, toa plagi, dondoshea oili matone 3 tunduni, vuta kamba mara chache, rudisha plagi. Pistoni nayo iache chini, ikilala juu imebana utakuja kuvuta kamba Jumapili ijayo mpaka jasho.