Jinsi ya kuzuia mitetemo kwenye spika, sabufa na pleya ya santuri

Hatua ya 1: Jua mtetemo unatoka wapi

Kabla hujanunua chochote, weka muziki wenye besi nzito kwa sauti uliyozoea, kisha pitisha kiganja kwenye kabati, sakafu na ukuta. Mara nyingi kinacholia si spika bali kioo cha kabati au mlango uliolegea. Kipande cha mpira wa kubandika kinamaliza kesi.

Mwenye pleya ya santuri ana jaribio la pili. Zima mota, teremsha sindano kwenye santuri iliyosimama, pandisha sauti polepole, kisha gonga kabati kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "du" kwenye spika, ujue sindano inasoma kabati. Ukisikia mvumo unaoanza wenyewe na kuzidi kukua, shusha sauti upesi: besi inarudi kwenye sindano, inakuzwa tena, na spika inaweza kuungua.

Hatua ya 2: Tenganisha

Spika na pleya zisikae juu ya ubao mmoja. Kama sakafu ni ya mbao na sindano inaruka mtu akipita, funga rafu kwenye ukuta wa matofali au zege. Hatua za mtu ni kama 2 kwa sekunde. Mpira hauna ubavu wa kuzuia mtikisiko wa taratibu hivyo.

Hatua ya 3: Chagua springi au mpira kwa uzito wa kifaa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kifaa kilichokaa juu ya kitu laini kina masafa yake ya kudunda, yaani idadi ya midundo kwa sekunde (Hz). Kinga huanza pale mtetemo unapozidi masafa hayo kwa mara 1.4 hivi, ukikaribiana nayo, unaongezeka badala ya kupungua.

Rula inatosha kukadiria. Pima kimo cha springi kabla na baada ya kuibebesha kifaa. Ikishuka milimita 1, masafa ni karibu Hz 16. Milimita 4, Hz 8. Milimita 10, Hz 5. Mpira huwa mgumu zaidi unapotetemeshwa kuliko unapobonyezwa tu, kwa hiyo usiutarajie kushuka hadi masafa ya chini hivyo.

Sabufa inayoshuka hadi Hz 25 inaridhika na Hz 8. Pleya ni mtihani zaidi: mkono na sindano yake kwa kawaida hudunda kati ya Hz 8 na 12, basi lenga Hz 5 au chini.

Springi iliyobanwa ikagota haina tofauti na jiwe, na isiyobonyea kabisa ni hivyohivyo. Upande wenye uzito zaidi uongezee springi, uhakikishe kwa pimamaji.

Hatua ya 4: Miguu ya ncha

Ncha za chuma hazizuii mtetemo, zinaunganisha. Kwenye zulia nene zinafaa, maana spika haiyumbi. Ghorofani zitampelekea jirani wa chini besi yote. Spika ndefu usiziweke juu ya springi laini, hasa penye watoto, zinaanguka.

Hatua ya 5: Gonga tena

Rudia jaribio la kidole. Kama "du" bado ipo, angalia nyaya: zikikazwa, zinapitisha mtetemo, kwa hiyo ziache zilegee. Amplifaya ya kawaida iache ilipo. Ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) ndiyo ya kuangaliwa, kwa sababu valvu nazo hunasa mitetemo.