Kabla Hujabadili Matibabu ya Walioumia Ubongo kwa Kufuata Utafiti

Soma utafiti wenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari. Angalia walioshiriki walikuwa na jeraha dogo au kubwa, na walitibiwa mapema kiasi gani.

Dawa kuzoeleka si ushahidi. Kwa miaka mingi walioumia kichwa walipewa steroidi kwa imani kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Jaribio la CRASH, lenye wagonjwa zaidi ya 10,000, lilisitishwa mwaka 2004: ndani ya wiki 2 walikufa asilimia 21 ya waliopewa, na asilimia 18 ya wasiopewa. Bila kuhesabu, nani angejua?

Kipimo cha oksijeni na cha presha viwepo na vifanye kazi. Kipimo cha fahamu cha Glasgow kiandikwe kwa sehemu zake zote tatu: macho, maneno na viungo. Ukiandika jumla tu, "10", wa zamu inayofuata hataona ni kipi kimeshuka.

Halafu saa ya ajali. Hii iandikwe hata kama mengine yote yatachelewa. Jaribio la CRASH-3 la mwaka 2019 lilionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza damu kuvuja, ikitolewa ndani ya saa 3 tangu mtu aumie, hupunguza vifo kwa wenye jeraha dogo na la wastani. Kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Nimeona kijana akiletwa saa 7 mchana, ameanguka na pikipiki, bado anajibu akiitwa. Barua ya rufaa ilisema "ameanguka leo". Leo saa ngapi? Kaka yake aliyemleta hakuwepo kwenye tukio. Dawa ilikuwa kabatini, daktari akasita, simu zikapigwa huku na huku. Ilipofika saa 9 alasiri ndipo mtu mmoja akamwambia kaka afungue simu yake aangalie alipigiwa saa ngapi kuarifiwa. Saa 5 na dakika 10. Muda ulikuwa umeshapita, na jibu lilikuwa mfukoni mwake tangu alipoingia mlangoni! Kwa hiyo fomu ya mapokezi iwe na nafasi ya saa ya ajali, na anayepokea mgonjwa aulize: nani alipigiwa simu kwanza? Tuione.

Hesabu vifo na ulemavu wa sasa kabla ya kubadili chochote, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Chukua namba za simu za ndugu wawili, maana hali ya mgonjwa baada ya miezi 6 ina uzito kuliko siku aliyotoka wodini.

Anayenuka pombe apimwe fahamu kama wengine. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulizwe mapema. Na mzee aliyeanguka asirudishwe nyumbani harakaharaka kwa sababu tu anaongea vizuri.