Jinsi ya Kusoma Rekodi ya Mchezaji wa Raga wa Timu ya Taifa ya Wales

Anza na idadi ya mechi za kimataifa, ambazo watu wa raga huzihesabu kwa "kofia", kwa kuwa mchezaji hutunukiwa kofia ya kitambaa anapoichezea nchi yake kwa mara ya kwanza. Kando ya idadi hiyo andika mwaka wa mechi ya kwanza na ule wa mechi ya mwisho, kisha gawanya mechi kwa miaka. Gareth Edwards, aliyevaa jezi namba 9, aliichezea Wales mechi 53 kati ya 1967 na 1978, ilhali Alun Wyn Jones, wa safu ya pili ya skramu, yaani kundi la wachezaji wanane wanaosukumana na wanane wa timu pinzani kuwania mpira, aliichezea mechi 158 kati ya 2006 na 2023. Anayetazama jumla peke yake atadhani kwamba Jones alimzidi Edwards karibu mara tatu. Anayegawanya ataona kwamba Edwards alicheza mechi zisizofika tano kwa mwaka na Jones takriban tisa, na kwamba chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni ratiba: enzi za Edwards mashindano ya Mataifa Matano yaliipa Wales mechi nne tu kwa mwaka, na Kombe la Dunia lilikuwa halijaanzishwa, kwani la kwanza lilichezwa 1987. Isitoshe, zamani hizo mchezaji wa akiba aliingia tu mwenzake alipoumia. Ruhusa ya kubadilisha wachezaji kwa sababu za kimbinu ilikuja 1996, na leo anayeingia zikiwa zimebaki dakika mbili huandikiwa mechi nzima. Kwa hiyo tafuta pia ni mara ngapi mchezaji alianza na mara ngapi alitokea benchi.

Kuna jambo jingine ambalo jumla hailionyeshi. Mechi 53 za Edwards zilifuatana bila yeye kukosa hata moja, katika nafasi ambayo mtu huvamiwa karibu kila mpira unapotoka kwenye skramu. Mimi ningeitaja sifa hiyo kabla ya trai zake 20, yaani mara alizouweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani.

Ukifika kwenye pointi, uliza kwanza ni nani aliyekuwa akipiga mateke. Neil Jenkins na Shane Williams wote wawili waliichezea Wales mechi 87, lakini Jenkins ana pointi 1,049 na Williams 290. Jenkins ndiye aliyekabidhiwa penalti na mateke ya kuongezea trai, ilhali pointi zote za Williams, aliyekuwa winga, zilitokana na trai 58, ambazo ni rekodi ya Wales. Kumlinganisha mmoja na mwenzake kwa jumla ya pointi ni kazi bure. Vilevile kumbuka kwamba trai ilikuwa na pointi 3 hadi 1971, ikawa 4, kisha 5 kuanzia 1992. Ukiwalinganisha wachezaji wa enzi mbalimbali, hesabu trai zenyewe. Wachezaji wa skramu hawatendewi haki na hesabu hii ya pointi hata kidogo, maana kazi yao kubwa haiandikwi popote.

Sehemu inayodai uangalifu zaidi ni miaka mitupu, yaani ile isiyo na mechi. Usikimbilie kuandika kwamba mchezaji alikuwa majeruhi au alishuka kiwango. Kwa Jonathan Davies, aliyevaa namba 10, utakuta pengo kati ya 1988 na 1996. Mapema 1989 alijiunga na klabu ya Widnes katika raga ya ligi, mchezo wa timu za watu 13 ambao ulikuwa wa kulipwa, na kwa kanuni za wakati huo mtu aliyevuka upande ule alifungiwa mlango wa raga ya muungano, ile ya watu 15 inayozungumziwa hapa. Mlango ulifunguka Agosti 1995, raga ya muungano yenyewe iliporuhusu malipo, naye akarudi kwa kujiunga na Cardiff. Siku hizi pengo linaweza kutokana na mkataba. Mwaka 2017 chama cha raga cha Wales kiliweka sharti kwamba anayecheza klabu ya nje ya nchi hawezi kuitwa kwenye timu ya taifa mpaka awe na mechi 60, na mwaka 2023 sharti hilo likashushwa hadi mechi 25. Rhys Webb, aliyekuwa ameshakubali kwenda klabu ya Toulon ya Ufaransa na hakuwa amefikisha 60, alikaa nje ya timu hadi 2020.

Mwisho, tenga mechi za British and Irish Lions, timu inayokusanya wachezaji wa England, Uskoti, Wales na Ireland kila baada ya miaka minne. Andika 158 za Wales na 12 za Lions kwa Jones. Usiandike 170 bila kueleza, ingawa hiyo ndiyo jumla inayomweka juu ya wachezaji wote duniani. Kisha fungua kila ziara peke yake. Katika ziara ya 2021 utaona mechi tatu dhidi ya Afrika Kusini, basi. Tafuta tarehe: bega la Jones, aliyekuwa nahodha, lilitoka tarehe 26 Juni, katika dakika za mwanzo za mechi dhidi ya Japani mjini Edinburgh, nahodha mwingine akateuliwa, na tarehe 24 Julai Jones akaingia uwanjani Cape Town akiwa nahodha tena.