Intaneti ya Nyumbani Unapohama Jijini Nairobi: Anza na Jengo, Kampuni Baadaye

Wanaohama wengi huanza kwa kulinganisha matangazo ya bei, wakachagua kampuni, kisha wakagundua kwamba faiba yake, yaani waya wa intaneti unaopitisha mwanga, inaishia mtaa wa pili. Nairobi zipo kampuni nyingi: Safaricom, Zuku, Faiba ya JTL, Liquid, Poa Internet na nyingine ndogondogo. Lakini kwa mpangaji wa ghorofa fulani pale Kasarani au Embakasi, kampuni anazoweza kuchagua kwa kweli huwa mbili au tatu, pengine moja tu. Kwa hiyo kazi ya kutafuta intaneti nafuu inafanyika siku ya kukagua nyumba, kabla dipoziti haijalipwa.

Ukifika pale, angalia nyaya nyembamba nyeusi zinazotoka kwenye nguzo kuingia ukuta wa jengo, halafu tafuta maboksi ya faiba kwenye ngazi au ukuta wa nje. Mara nyingi yana jina la kampuni. Ndani ya nyumba, karibu na mahali pa runinga, tafuta kiboksi cheupe chenye tundu la kijani, au waya mweupe mwembamba uliosalia ukutani. Ukiupata, ujue mpangaji aliyetangulia alikuwa ameunganishwa, na fundi wa kampuni hiyohiyo huenda asiwe na kazi ya kuvuta waya upya. Piga picha namba iliyobandikwa kwenye kiboksi, utaitajia kampuni. Wakikuambia kwamba laini hiyo ina deni, waeleze kuwa wewe ni mteja mpya, mwenye kitambulisho kingine, na deni la mtu aliyehama halikuhusu.

Keateka atakutajia kampuni zilizopo, lakini ubora uulize kwa majirani. Usiulize kama intaneti ni nzuri, maana kila mtu atasema inajaribu. Uliza: saa mbili usiku video inakwama? Mara ya mwisho ilipopotea, ilirudi baada ya saa ngapi au siku ngapi? Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu faiba hukatika popote, na tofauti kubwa kati ya kampuni na kampuni ni kasi ya mafundi wake.

Kuna majengo ambamo mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja tu. Muulize waziwazi kama unaweza kuleta nyingine na kama fundi ataruhusiwa kutoboa ukuta. Jibu lake lipate kwa ujumbe wa simu, kwa sababu siku fundi atakapofika, keateka akamzuia langoni, maneno ya mdomo hayatakusaidia.

Jambo moja zaidi kabla hujasaini. Ramani ya kampuni ikionyesha kwamba mtaa wako umefikiwa, haina maana kwamba jengo lako lina nafasi. Boksi la faiba lina matundu machache, na yakijaa unasubiri hadi kampuni iongeze boksi jingine, jambo linaloweza kuchukua wiki nyingi. Piga simu, taja jina la jengo na namba ya nyumba, uulize: kuna tundu lililo wazi?

Bei halisi

Tangazo hutaja bei ya mwezi. Wewe piga hesabu ya muda wote unaotarajia kukaa. Tuseme kampuni ya kwanza inatoza shilingi 2,000 kwa mwezi na 5,000 za kufungiwa intaneti nyumbani, ya pili inatoza 2,500 na kufungiwa ni bure. Kwa miezi 6 ya kwanza inakugharimu 17,000 na ya pili 15,000. Kwa miezi 12 ni 29,000 dhidi ya 30,000. Mtu asiye na uhakika wa kukaa mwaka mzima anafaa kuchukua ile inayoonekana ghali.

Yaliyofichika yaulizwe moja kwa moja. Bei imejumuisha VAT ya 16%? Ofa ya miezi ya kwanza ikiisha, bei inapanda hadi ngapi? Ruta ni yako au ni ya kuazimwa, na ukiondoka dipoziti yake inarudi? Kufungiwa "bure" kunadai ulipe miezi kadhaa mbele? Kuna kikomo cha matumizi, na ukikipita kasi inashuka hadi ngapi? Kifurushi kinachoitwa cha bila kikomo mara nyingi kina kiwango cha matumizi ambacho ukikivuka unapunguziwa kasi hadi mwezi uishe.

Vifurushi vingi vya faiba Kenya ni vya kulipia kabla: usipolipa inakatwa, ukilipa inarudi. Huo ni uhuru mkubwa, na mkataba wa mwaka haustahili kuchukuliwa ila punguzo lake liwe la maana. Lipa kwa Paybill ya kampuni na namba ya akaunti yako tu. Wakala akikuomba utume pesa kwa namba yake binafsi "ili fundi aje haraka", achana naye.

Kasi inayotosha

Netflix inapendekeza kasi ya Mbps 5 (megabiti kwa sekunde) kwa picha ya 1080p na 15 kwa 4K. Mkutano wa video unahitaji takriban Mbps 3 kwenda na kurudi. Nyumba ya watu wanne, runinga moja ikicheza na mmoja akiwa kwenye mkutano, inatoshwa na Mbps 15. Faili la GB 1 kwa kasi hiyo linashuka kwa dakika 9 hivi. Wanaohitaji 40 au zaidi ni wenye runinga za 4K mbili au tatu, au wanaopakia video kila siku. Hao waulize pia kasi ya kupakia, ambayo kwenye intaneti ya laini ya simu huwa chini sana kuliko ya kupakua.

Hapa ndipo watu wanapoteza pesa nyingi, mwezi baada ya mwezi, na inasikitisha kwa sababu dawa yake ni ya bure. Video inakwama, mtu anapanda kutoka Mbps 15 hadi 30, na bado inakwama. Kosa halikuwa la kifurushi, lilikuwa la Wi-Fi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Jengo lenye nyumba 40 na ruta 40 zinazogombea chaneli hizo tatu litakuwa na Wi-Fi mbovu hata kila nyumba ikilipia Mbps 100. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uupe mtandao wa 5 GHz jina lake, na uunganishe runinga, simu na kompyuta huko. Masafa hayo yana chaneli nyingi, ila hayapenyi vizuri kuta za mawe, kwa hiyo ruta ikae katikati ya nyumba, juu ya kabati, isifichwe nyuma ya runinga. Runinga iliyo karibu na ruta iunganishe kwa waya.

Ili ujue kosa liko wapi, unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, upime kasi saa nne asubuhi na tena saa tatu usiku. Ikiwa waya unatoa kasi uliyolipia nyakati zote mbili, shida ni Wi-Fi yako. Ikishuka usiku peke yake, kampuni ndiyo imelemewa, na kifurushi kikubwa zaidi cha kampuni hiyohiyo huenda kisikusaidie. Angalia pia tundu la ruta: ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya Mbps 100, ambayo hayapiti takriban 94 kwenye kipimo.

Pasipo na faiba

Ruta ya 4G au 5G inafungwa siku hiyohiyo na unahama nayo. Kabla ya kununua, jaribu mawimbi kwa laini ya kampuni ileile ndani ya nyumba yenyewe, usiku. Simu au ruta ikionyesha RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, ya kati ya -80 na -95, uko vizuri. Ikifika -110, itakusumbua. Kuiweka dirishani upande wa mnara husaidia sana.

Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023, inafaa pembezoni mwa jiji na vijijini, penye anga wazi. Ghorofani bila ruhusa ya kupanda paa haifai. Novemba 2024 ilisitisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa, kwa hiyo weka anwani yako kwenye tovuti yao kwanza, hasa ukitaka sahani iliyotumika. Muuzaji lazima aiondoe sahani kwenye akaunti yake mbele yako, la sivyo hutaweza kuisajili.

Ile Wi-Fi ya ploti, jirani akigawa laini yake, inaweza kuwa nafuu kweli. Uliza laini ni ya Mbps ngapi na nyumba ngapi zinaitumia. Mbps 30 kwa nyumba 20 haifiki 2 kila mmoja jioni.

Fundi akija

Omba kufungiwa wiki mbili kabla ya kuhamia ikiwa mwenye nyumba atakupa ufunguo. Mwonyeshe fundi mwenyewe ruta itakapokaa, na usimruhusu aondoke hadi mambo matatu yakamilike. Kwanza, taa ya LOS kwenye ruta, inayoonya kwamba mwanga wa faiba haufiki, isiwe nyekundu. Pili, akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye kifaa chake: kati ya -15 na -25 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) ni salama, na kikikaribia -27 laini itakuwa ikikatikakatika. Sababu huwa ni kichwa cha faiba kilicho kichafu au waya uliokunjwa sana kwenye kona ya mlango; faiba isipinde kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe. Tatu, pima kasi kwa waya akiwa hapo.

Muulize pia kama kinachoingia kwako ni faiba yenyewe au ni waya wa Ethernet (waya wa kawaida wa mtandao) kutoka kwenye swichi ya ngazini, kifaa cha umeme kinachogawa intaneti. Faiba haihitaji stima kwenye boksi la jengo, kwa hiyo stima ikipotea unaweza kuendelea kwa UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba. Yenye betri ya mAh 8,800 hushikilia ruta ya wati 10 kwa saa mbili na nusu hivi. Linganisha volti: ruta ya 12V ikipewa tundu la 9V haitakaa sawa. Swichi ya ngazini ikizimika na jengo, UPS yako haina faida.

Ukihama na kampuni ileile, omba uhamisho uulize ada yake. Usichomeke tu kifaa chako kwenye tundu la nyumba mpya ukitarajia kiwake, kwa sababu kimesajiliwa kwenye laini ya zamani. Ukiachana nayo, rudisha ruta na chaja yake na udai risiti yenye namba ya kifaa. Ukidaiwa isivyo haki, lalamika kwa kampuni kwanza, kwa maandishi, utunze namba ya lalamiko. Wasipokusikiliza, lipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kanuni za kulinda wateja wa mawasiliano zinakupa haki hiyo. Laini ya zamani isitishe tu baada ya mpya kufanya kazi jioni kadhaa mfululizo.