Kikonyo cha Violeti Huzikwa Sentimita Moja na Nusu, Si Kidole Kizima

Katika vitalu vya maua ninavyovitembelea Lushoto na Muheza, kuna kosa moja linalojirudia kila msimu, nalo limewapotezea wakulima majani mengi ya violeti ya Afrika kuliko wadudu na magonjwa yote ninayoitiwa kuyaangalia. Kosa lenyewe, linalofanyika wakati wa kuotesha mche mpya kwa jani, ni kukizika kikonyo cha jani, yaani kile kijiti kinacholishikilia jani, kwa kina kupita kiasi. Wengi wanaolifanya ni watu makini, wenye mikono mizuri ya kitalu, ambao wameotesha kahawa, mipichi na maparachichi kwa miaka mingi, na ndiyo maana nimeona afadhali niliandikie jambo hili peke yake badala ya kurudia mafunzo ya kuotesha kwa majani ambayo karibu kila mwenye kitalu ameyapata.

Katika kitalu kimoja niliitwa kuangalia majani yaliyopandwa wiki sita nyuma, ambayo yalikuwa yameanza kulegea ingawa yalimwagiliwa vizuri. Nililichomoa la kwanza, likatoka bila kushika popote. Kikonyo chake kilikuwa na urefu wa sentimita 6 na nusu, na karibu chote kilikuwa kimezama ardhini, ubapa wa jani ukiwa umeukalia udongo. Nusu ya chini ilikuwa ya kahawia, laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva, na ilinuka tope la mtaro. Nilipomuuliza mwenye kitalu kwa nini alikwenda chini kiasi kile, alinijibu kwa adabu, lakini kwa uthabiti: "Bwana shamba, tuliambiwa kidole kimoja, nami nimezika kidole kimoja." Kisha akanionyesha, akikisimamisha kidole chake cha shahada juu ya meza.

Hapo nilitambua kwamba lawama si yake peke yake. Sisi maafisa ugani tumezoea kusema "kidole kimoja" tukikusudia upana wa kidole kilicholazwa, ambao ni takriban sentimita moja na nusu, naye msikilizaji anasikia urefu wa kidole kilichosimamishwa, ambao ni mara nne au tano ya hapo. Kwa mche wa mti tofauti hiyo huvumilika, ila kwa kikonyo cha violeti inatosha kuua. Kuanzia sasa naomba tuache kabisa kupima kwa vidole katika kazi hii na tutumie rula ya shuleni, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya mche mmoja wa violeti uliochanua.

Sababu ya pili ya kosa hili ni mazoea mema yaliyohamishiwa mahali yasipostahili. Mkulima wa huku hujifunza kuotesha vipande kupitia mihogo, miwa na marando ya viazi vitamu, na katika mazao hayo kuzika sehemu kubwa ni busara, kwa kuwa shina lina macho, na jicho lililofunikwa na udongo lina uwezo wa kutoa mizizi. Kikonyo cha jani la violeti hakina jicho hata moja. Mimea mipya huanza upya kabisa kutoka kwenye chembe hai zilizo karibu na mahali palipokatwa: mizizi hutoka ndani zaidi, na vichipukizi hutoka kwenye chembe za ngozi ya kikonyo. Maana yake ni kwamba ile sehemu ya kikonyo iliyo juu ya mkato haiongezi chipukizi hata moja kwa kuzikwa. Inachofanya ni kuongeza safari ambayo kichipukizi chenye ukubwa wa punje ya mtama kinapaswa kuipanda gizani kabla ya kuuona mwanga. Nimeviona vichipukizi vilivyokwama sentimita tatu chini, vyeupe kama machipukizi ya maharage yaliyosahauliwa kwenye gunia, vikiwa vimemaliza nguvu yote ya jani mama.

Kina hiki kina madhara mengine ambayo hayaonekani kwa macho, nayo yanahusu maji. Katika chungu kidogo, maji hayatoki yote hata kama kina matundu mazuri: tabaka la chini hubaki limeloa wakati uso umekwisha kukauka. Anayezika kikonyo hadi karibu na kitako cha chungu amekiweka kidonda kibichi, ambacho ndicho kilichopaswa kupata hewa zaidi, mahali penye maji mengi kuliko pote. Kisha huangalia uso, akauona mkavu, akamwagilia tena. Ndiyo maana mkulima wa aina hii huapa kwamba hajazidisha maji, na kwa jinsi anavyoona juu ya chungu husema kweli.

Anayetaka ushahidi usio wa vitabuni na autazame mmea huu kwao, kwa kuwa kwao ni hapa hapa. Violeti ya Afrika ni ya milima na misitu ya Tanzania na ya upande wa kusini mashariki wa Kenya. Iliingia katika vitabu vya wataalamu wa mimea mwaka 1893 kwa jina la Saintpaulia, baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, kuipeleka Ulaya, na hadi leo Wajerumani huiita violeti ya Usambara. Katika misitu ya Usambara Mashariki huota kivulini, mara nyingi juu ya miamba iliyo karibu na vijito, ambapo mizizi yake imeshika tabaka jembamba la mboji lililojikusanya kwenye mianya. Mmea unaoishi juu ya jiwe haukuzoea kina. (Mimea hiyo ya msituni iachwe ilivyo. Baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka, na misitu mingi inamoota imehifadhiwa kisheria, kwa hiyo anayekuja kwangu na majani ya kutoka hifadhini simpokei. Majani ya kuotesha yachukuliwe kwenye mimea ya kitaluni.)

Sasa vipimo, na nawaomba msivisome kwa haraka. Jani lichukuliwe kwenye duara la katikati la mmea, kwani majani ya nje kabisa yamezeeka na yale ya moyoni bado ni machanga, na yasizidi matatu au manne kwa mmea mmoja kwa wakati mmoja. Kikonyo kikatwe kwa wembe mpya uliopanguswa kwa spiriti, kibakizwe urefu wa sentimita 2.5 hadi 3 kuanzia pale ubapa wa jani unapoishia. Mkasi usitumike, kwa sababu huponda kabla ya kukata, na mahali palipopondwa ndipo uozo huanzia. Mkato uwe wa mshazari, wa nyuzi 45, uso wa mkato ukielekea upande wa juu wa jani, ili vichipukizi vitokee mbele badala ya kubanwa chini ya ubapa. Jani likisha kukatwa lilazwe kwenye karatasi safi kivulini kwa dakika 20 hadi 30 ili kidonda kikauke juu juu. Nimesema dakika, wala sikusema siku. Anayeliacha jani la violeti mpaka kesho yake ameanza na jani lililokwisha kunyauka.

Kinachozikwa ni sentimita 1 hadi 1.5, na hakipaswi kuzidi hapo. Ubapa wa jani usiguse udongo hata kidogo. Kati yake na uso wa udongo ionekane angalau sentimita moja ya kikonyo kitupu. Mwenye wasiwasi na mkono wake na achukue kijiti cha kuchokolea meno, akitie alama ya kalamu ya wino kwenye sentimita 1.5, atoboe kwa kijiti hicho shimo lililolala kwa mshazari hadi kwenye alama, ndipo atumbukize kikonyo na kukibana taratibu kwa ncha za vidole viwili. Jani likiangukia upande, liegemezwe kwenye kijiti kingine au kwenye ukingo wa chungu. Kuangukia upande ndicho kisingizio ninachokisikia kuliko vyote kutoka kwa wanaozika kikonyo kizima, na dawa yake ni egemeo.

Udongo wa bustani, hata uwe mweusi na wenye rutuba kiasi gani, haufai hapa. Changanya sehemu sawa za mchanga mnene wa mto uliooshwa na vumbi la makumbi ya nazi, ambalo wauza pembejeo huliita kokopiti. La kutoka pwani lioshwe kwa maji safi mara tatu, kwa kuwa makumbi mengi huko hulowekwa katika maji ya bahari na hubaki na chumvi. Chukua konzi ya mchanganyiko uliotiwa maji uikamue: yakitoka matone mawili au matatu, unyevu unatosha, na ukitoka mchirizi, ongeza mchanganyiko mkavu. Chungu kiwe na upana wa sentimita 5 hadi 6 kwa jani moja. Mbolea isitiwe kabla vichipukizi havijaonekana.

Kwa kifuniko, chukua chupa angavu ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, ambayo hufanya kazi vizuri kuliko mifuko ya plastiki ambayo wengine bado wanaitafuta ingawa imepigwa marufuku tangu mwaka 2019. Kizibo kifunguliwe kila asubuhi kwa nusu saa ili hewa ibadilike. Chungu kikae mahali penye mwanga wa kutosha kusomea gazeti lakini jua lisikipige moja kwa moja. Maji ya kumwagilia yawekwe ndani ya nyumba usiku kucha kwanza, kwani maji ya baridi yakigusa majani ya violeti huacha mabaka yasiyofutika, na maji ya bomba la Lushoto asubuhi ni ya baridi.

Kuhusu msimu, joto linalofaa ni kati ya nyuzi 21 na 24. Huku milimani, majani yanayopandwa Juni na Julai hukaa muda mrefu bila kufanya lolote kutokana na baridi ya usiku, na kila wiki ya kukaa bure ni nafasi nyingine ya kuoza, kwa hiyo nashauri kuanza Septemba na kumaliza ifikapo Februari. Wa Tanga mjini na pwani nzima wafanye kinyume chake, watumie miezi ya ubaridi, kwa sababu joto likipita nyuzi 30 jani huiva kabla ya kuota mizizi.

Mizizi huanza katika wiki ya tatu au ya nne. Vichipukizi huonekana juu ya udongo kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Naomba muda huo uheshimiwe, kwa kuwa kuna wakulima wanaopanda kwa kipimo sahihi kabisa, kisha katika wiki ya nne wakachomoa jani "kuchungulia" na kuikata mizizi iliyokuwa myembamba kama unywele, na wanapolirudisha hulisukuma chini zaidi ili lisimame vizuri, yaani wanalirudia lile lile kosa la kwanza kwa mlango wa nyuma. Jani likivutwa kidogo likashika, limeota.

Jani moja kwa kawaida huzaa mimea kadhaa iliyosongamana. Itenganishwe pale kila mmoja utakapokuwa na majani manne au zaidi, makubwa yake yakiwa na upana wa sentimita 2, na hapo tena kina kizingatiwe: shingo ya mche ibaki usawa wa udongo, na moyo wake usifunikwe.

Mimea mingine ya maua inayooteshwa kwa jani ina vipimo vyake. Streptokapasi, ambayo wataalamu sasa wanaihesabu kuwa jenasi moja, yaani kundi moja la mimea yenye undugu wa karibu, na violeti, haitegemei kikonyo: jani hupasuliwa kwa urefu, uti wa kati ukaondolewa, na kila nusu ikasimamishwa ukingo wa mkato ukiwa chini kwa nusu sentimita hadi sentimita moja. Peperomia ifanyiwe kama violeti. Sansevieria, ile yenye majani marefu magumu yaliyosimama, hukatwa vipande vya sentimita 7 hadi 10, hukaushwa siku mbili au tatu, na kuzikwa sentimita 2 hadi 3 bila kugeuzwa juu chini. Ile yenye kingo za njano itawatolea watoto wa kijani kitupu, kwa hiyo asiuziwe mteja ahadi ya rangi ambayo jani haliwezi kuitimiza. Hali hiyo hiyo inazikumba violeti ambazo maua yake yana mistari inayotoka katikati kama miale ya gurudumu, ambazo kwa jani mara nyingi hupoteza mistari yake.

Kwa mwenye majani yaliyokwisha kuzikwa kwa kina hivi sasa, yachomolewe leo. Palipo peusi au palipolainika pakatwe pote kwa wembe safi, hadi uso wa mkato uonekane wa kijani bila doa la kahawia, wembe ukipanguswa kwa spiriti baada ya kila jani, kisha kikonyo kilichobaki kipandwe upya katika mchanganyiko mpya kwa sentimita 1. Ikiwa uozo umekula kikonyo chote, theluthi ya chini ya ubapa wa jani ikatwe na kutupwa, na kipande cha juu kipandwe uti wake wa kati ukigusa udongo kwa kina cha sentimita moja, kwani nacho huweza kuota, ingawa kwa kuchelewa. Udongo wa zamani usitumike tena kwa kazi hii. Upelekwe kwenye shimo la mboji. Kila chungu kiandikwe tarehe mpya, na wiki nane zihesabiwe kuanzia hapo.